Golikipa Hakomai Benchini

  Mama uliyewasha redio huku unakuna nazi, kaka uliyeegesha bodaboda kivulini unangoja abiria, na wewe binti uliyetoka mazoezini sasa hivi, viatu bado vina vumbi, karibuni nyote. Kaeni nami dakika ishirini hivi tuzungumze mpira.

Leo tunamzungumzia golikipa, tena golikipa mwanamke. Anaitwa Alyssa Naeher, ni Mmarekani. Tutaifuata njia yake kuanzia chuo kikuu hadi soka la kulipwa, na hadi kwenye fainali kubwa kuliko zote. Nimemchagua yeye kwa sababu njia yake haikunyooka hata kidogo. Ilikatika katikati, akaizunguka, akairudia. Na humo njiani kuna jambo ambalo sisi tunalipuuza kila Jumamosi kwenye viwanja vyetu.

Kabla sijaanza, niwaulize swali. Timu ya wasichana inapopangwa shuleni, golini anawekwa nani? Semeni ukweli. Anawekwa yule ambaye hakuna anayemtaka mbele. Mrefu kidogo, haya, nenda golini. Umechelewa kufika, nenda golini. Anapewa glavu za kuazima, au hapewi kabisa. Mpira ukiingia, wenzake kumi wanamgeukia yeye kwa macho makali, na wiki inayofuata anasimamishwa mwingine. Ndivyo ilivyo, au nasema uongo?

Sasa twende Marekani.

Alyssa Naeher alizaliwa mwezi wa Aprili mwaka 1988 katika jimbo la Connecticut, yeye na pacha wake wa kike. Sekondari alicheza mpira wa miguu, lakini alicheza na mpira wa kikapu pia, na huko alikuwa moto wa kuotea mbali. Alimaliza shule akiwa amefunga zaidi ya pointi 2,000. Utauliza, kikapu kinahusiana vipi na golikipa? Kinahusiana sana. Mtazame mchezaji wa kikapu anapowania mpira uliogonga ubao. Anausoma ukiwa bado hewani, anaruka kabla ya wenzake, anaudaka kwa mikono miwili juu ya vichwa vya watu, na anatua akiwa ameukumbatia. Kisha mtazame golikipa anayetoka kufuata krosi kwenye msongamano wa watu kumi na wawili. Si kazi ile ile? Mikono ile ile, macho yale yale, na ule moyo wa kuingia katikati ya viwiko bila kufumba macho.

Na hapa niwape siri makocha wanaonisikiliza. Kwetu hapa wasichana wengi wamekua na netiboli. Wanajua kudaka, wanajua kuruka, wanajua kutoa pasi ya mkono ikamfika mwenzao kifuani. Ukitafuta golikipa wa kike, usianze kuzunguka viwanja vya mpira wa miguu. Anza na uwanja wa netiboli, kaa pembeni, angalia mikono.

Turudi kwa Naeher. Mwaka 2006 aliingia chuo kikuu cha Penn State, jimbo la Pennsylvania. Hapa inabidi nieleze kidogo, maana michezo ya vyuo vya Marekani haifanani na ile tuliyoizoea. Kule chuo kina kocha anayelipwa mshahara, kina uwanja wenye majukwaa, kina watu wa kutibu majeraha, na mchezaji mzuri anaweza kusomeshwa kwa ufadhili kwa sababu ya kipaji chake. Kwa wanawake hali hiyo haikuja kwa hisani. Mwaka 1972 ilipitishwa sheria inayoitwa Title IX, iliyosema shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu visibague kwa misingi ya jinsia. Sheria haikutaja mpira wa miguu. Lakini vyuo vilijikuta vinalazimika kuwapa wasichana timu, makocha na ufadhili, na miongo michache baadaye Marekani ikawa na wanawake wengi wanaojua mpira kuliko nchi nyingi ambazo mpira kwao ni kama dini.

Naeher alicheza Penn State misimu minne, kuanzia 2006 hadi 2009. Misimu minne. Naomba mlishike hilo, kwa sababu ndilo kiini cha mazungumzo yetu.

Golikipa anahitaji nini ili akomae? Anahitaji mechi. Si mazoezi peke yake, mechi. Fikirieni wenyewe. Winga wa akiba anaingia dakika ya 70, anakimbia dakika 20, anajifunza kitu. Beki wa akiba anaingia mwenzake akichoka. Golikipa wa akiba je? Anapasha misuli moto, anarudi kukaa. Anaweza kukaa msimu mzima bila kugusa mpira wa mashindano. Nafasi ni moja, na aliyeishika haachii mpaka aumie au avurunde. Na kuna mambo ambayo kocha hawezi kumfundisha golikipa kwa kumpigia mipira mazoezini: kumjua beki wako anayeogopa kucheza kichwa, kukaa dakika 40 bila kazi halafu ukatakiwa ghafla, kufungwa bao la kizembe dakika ya tano na bado kubaki na akili zako kwa dakika 85 zilizobaki. Hayo yanakuja kwa mechi tu.

Kwa hiyo chuo kilimpa Naeher kile ambacho klabu ya kulipwa isingempa binti wa miaka 18. Kilimpa goli liwe lake. Angekwenda moja kwa moja kwenye klabu kubwa, angekuwa kipa wa tatu, wa kubeba mipira. Penn State alisimama golini kila wiki, msimu baada ya msimu, akikosea na kurekebisha.

Tena mpira wa vyuo una taratibu zake. Mchezaji aliyetolewa anaweza kurudishwa ndani, jambo ambalo kwenye ligi hutaliona. Maana yake kwa golikipa ni nini? Maana yake washambuliaji wanaokujia dakika ya 80 wamepumzika, miguu yao si mizito. Golikipa wa chuo hapati ile nafuu ya dakika za mwisho ambapo kila mtu amechoka. Anashambuliwa kwa kasi mwanzo mpaka mwisho.

Mwaka 2008, akiwa bado mwanafunzi, Naeher aliitwa timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 20 kwenda Kombe la Dunia lililochezwa Chile. Marekani ilichukua kombe kwa kuifunga Korea Kaskazini 2–1 kwenye fainali, na Naeher akatunukiwa glavu ya dhahabu, tuzo ya golikipa bora wa mashindano. Kocha wa timu ile alikuwa Tony DiCicco. Jina hilo lina uzito, na naomba tusimame nalo kidogo.

DiCicco mwenyewe alikuwa golikipa enzi zake. Alikuwa kocha wa makipa wa timu ya taifa ya wanawake, kisha akawa kocha mkuu. Ndiye aliyemlea Briana Scurry, dada mmoja mweusi wa kutoka jimbo la Minnesota, aliyesoma chuo kikuu cha Massachusetts na kupata shahada ya sayansi ya siasa. Wale wa rika langu wanamkumbuka Scurry. Julai 1999, fainali ya Kombe la Dunia, Rose Bowl kule California, watazamaji zaidi ya 90,000, Marekani na China hawajafungana, wanakwenda kwenye matuta. Mchina wa tatu, Liu Ying, anapiga. Scurry anaruka kushoto kwake, anaupangua. Picha iliyozunguka dunia ni ya Brandi Chastain aliyefunga tuta la mwisho, lakini mimi siku zote nasema kombe lile liliokolewa na mikono ya Scurry kwanza.

Sasa sikilizeni jambo la kuumiza. Scurry alipomaliza kucheza chuoni mwaka 1993, Marekani haikuwa na ligi ya kulipwa ya wanawake. Haikuwepo kabisa. Golikipa wa kiwango kile, akimaliza chuo, mlango uliobaki ulikuwa mmoja tu, timu ya taifa, na timu ya taifa inabeba makipa wawili au watatu. Wengine wote? Glavu kabatini, wakatafute kazi. Ligi ya kwanza, iliyoitwa WUSA, ilianza 2001, miaka minane baadaye, Scurry akaichezea Atlanta. Ikafa 2003. Misimu mitatu tu, ikafungwa kwa kukosa fedha, siku chache kabla ya Kombe la Dunia lililochezwa hapo hapo Marekani.

Ndiyo maana nasema, mnapoona golikipa hodari, msiangalie kipaji chake peke yake. Ulizeni, alikuwa na mahali pa kucheza?

Haya, tunaendelea na Naeher. Anamaliza chuo, na safari hii ligi ipo. Inaitwa WPS, ilianza 2009. Kule Marekani mchezaji aliyemaliza chuo hakuwa anachagua klabu. Klabu zilikuwa zinakaa na kuwachagua wahitimu kwa zamu, utaratibu wanaouita drafti. Mwanzoni mwa 2010 Naeher alichaguliwa wa 11, na klabu ya Boston Breakers. Kocha wa Boston nani? Tony DiCicco, yule yule wa Chile. Mzee alijua anachokichukua.

Mnaona inavyopendeza mpaka hapa? Chuo misimu minne, kombe la vijana, klabu, kocha anayekujua. Kama hadithi ingeishia hapa ningewaambia njia ni nyeupe.

Lakini alicheza Boston misimu miwili, na ligi ikaanza kuyumba. Naeher akavuka bahari kwenda Ujerumani, kwenye mji wa Potsdam jirani na Berlin, akajiunga na Turbine Potsdam. Januari 2012 msimu wa ligi ya Marekani ukafutwa. Mwezi wa Mei ligi yenyewe ikafungwa moja kwa moja. Ligi ya pili imekufa, kama ya kwanza, baada ya misimu mitatu.

Jiwekeni kwenye nafasi ya mzazi. Binti yako ana miaka 24. Amesoma, amecheza, ana tuzo ya dunia nyumbani, na kazi yake imeyeyuka. Mzazi wa Tanga, wa Kisumu au wa Connecticut, wote wangesema neno moja: mwanangu, rudi, tafuta kazi ya maana. Na asingelaumiwa.

Naeher alibaki Ujerumani. Msimu wa 2011/12 Potsdam ikawa bingwa wa Bundesliga ya wanawake. Sitawachosha na maelezo ya kule, ila eleweni kitu kimoja. Ligi ya kwao ilipokufa, yeye aliendelea kucheza. Nirudie: aliendelea kucheza. Kuna makipa wa rika lake, waliosoma na kucheza kama yeye, ambao mwaka ule waliacha. Hatuwajui majina, na ndilo linalonisikitisha, kwamba hatutawajua.

Mwaka 2013 ikazaliwa ligi ya tatu, NWSL. Safari hii mashirikisho ya Marekani, Canada na Mexico yalikubali kulipa mishahara ya wachezaji wao wa timu za taifa ili klabu zisielemewe. Ligi hiyo ndiyo iliyodumu mpaka leo. Lakini msidhani walianza na fedha. Mshahara wa chini wa mchezaji msimu ule wa kwanza ulikuwa dola 6,000. Kwa msimu mzima, jamani, si kwa mwezi, tena katika nchi ambayo kodi ya nyumba peke yake inaweza kukumaliza. Wachezaji wengi waliishi kwenye nyumba za familia zilizojitolea kuwapokea, wakala mezani na watoto wa mwenye nyumba, kisha asubuhi mazoezini. Wanawake wenye shahada, wachezaji wa kulipwa.

Naeher akarudi Boston. Na sasa nakuja kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Boston ile haikuwa timu nzuri. Mwaka 2014 ilimaliza ya nane kati ya timu tisa. Mechi baada ya mechi inafungwa. Na mwaka huo huo, golikipa bora wa ligi nzima alitangazwa kuwa Alyssa Naeher. Golikipa wa timu iliyoshika nafasi ya pili kutoka mkiani! Inawezekanaje? Inawezekana kwa sababu golikipa wa timu dhaifu ndiye mwenye kazi. Beki zinavuja, mashuti yanamiminika, krosi haziishi. Golikipa wa timu bingwa anaweza kudaka mpira mmoja wa maana kwa siku nzima. Wa Boston alidaka kumi na bado akafungwa, na wiki iliyofuata akasimama tena.

Naomba wachezaji wa timu ndogo mnisikilize hapa. Binti unayelinda goli la timu inayofungwa tatu, nne kila wiki, usione haya. Unapata mafunzo ambayo mwenzako wa timu kubwa anayanunua. Kipa ni mnazi, si mchicha. Mchicha unauchuma wiki ya nne. Mnazi unaungoja miaka, na ukishaanza kuzaa unakulisha wewe na wajukuu.

Mwezi Desemba 2014 Naeher alicheza mechi yake ya kwanza ya timu ya taifa ya wakubwa, dhidi ya Argentina, mjini Brasília. Alikuwa na miaka 26. Kwa mshambuliaji, miaka 26 bila kuitwa timu ya taifa ni habari mbaya. Kwa golikipa ndiyo kwanza kunakucha.

Hata hapo goli halikuwa lake. Lilikuwa la Hope Solo. Solo naye ni zao la chuo, tena chuo ndicho kilichomfanya golikipa. Sekondari alikuwa mshambuliaji, mfungaji hasa. Ni chuo kikuu cha Washington kilichomsimamisha golini moja kwa moja. Kombe la Dunia la 2015 Marekani ikawa bingwa, na Naeher akavishwa medali bila kucheza dakika hata moja. Olimpiki ya Rio 2016, benchi tena.

Je, hilo si benchi? Si nimesema golikipa hakomai benchini? Sikilizeni vizuri. Timu ya taifa alikaa benchi, ndiyo. Lakini timu ya taifa inakutana mara chache kwa mwaka. Wiki zote zilizobaki alikuwa na klabu, Boston na baadaye kuanzia 2016 Chicago, na huko goli lilikuwa lake. Alingoja huku anacheza. Aliyengoja bila kucheza angekuta mlango umefunguliwa na mikono yake imekufa ganzi.

Na mlango ulifunguliwa ghafla. Agosti 2016, baada ya Marekani kutolewa na Sweden kule Rio, Solo alitoa kauli kali kuhusu wapinzani, shirikisho likamsimamisha, na hakuichezea tena timu ya taifa. Naeher akawa mrithi. Mashabiki wengi walinung'unika, wakamwona wa kawaida, mkimya mno, hana mbwembwe za Solo.

Twende Lyon, Ufaransa, Julai 2, 2019. Nusu fainali ya Kombe la Dunia, Marekani inaongoza 2–1 dhidi ya Uingereza. Mechi inaelekea mwisho, refa anakwenda kutazama picha za video pembeni ya uwanja, anarudi, anaonyesha nukta ya penalti. Uwanja mzima umesimama. Anakuja nahodha wa Uingereza, Steph Houghton. Naeher amesimama kwenye mstari wake. Hacheki, hachezi shere, hamsemeshi mpigaji. Dakika ya 84 Houghton anapiga chini. Naeher anakwenda kulia kwake, na wala haupangui ukarudi uwanjani akaumalizia mwingine. Anaudaka. Anaulalia. Hatari imekwisha. Siku tano baadaye Marekani ikaifunga Uholanzi 2–0 na kuwa bingwa.

Alikuwa na miaka 31. Tangu alipoingia Penn State ilikuwa imepita miaka 13.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa 2021, aliokoa penalti ndani ya mchezo dhidi ya Uholanzi, wakaenda kwenye matuta akaokoa mengine mawili, kisha nusu fainali akaumia goti. Kombe la Dunia la 2023, mjini Melbourne, matuta na Sweden. Naeher alipiga tuta lake mwenyewe, golikipa, akafunga. Tuta la mwisho la Sweden aliligusa likapaa, akaligeukia na kulisukuma nje, akaamini ameokoa. Mtambo wa mstari wa goli ukasema mpira umeshavuka. Umevuka kwa milimita. Marekani ikaaga mashindano.

Wengi walisema huyu sasa amezeeka, apishe. Mwaka uliofuata, Olimpiki ya Paris, nusu fainali na Ujerumani, zimebaki dakika chache muda wa nyongeza uishe, mpira wa kichwa wa karibu kabisa, Naeher anauzuia kwa mguu wa kushoto. Fainali na Brazil, Marekani inaongoza 1–0, dakika za majeruhi, Adriana anapiga kichwa, na Naeher anaupangua kwa mkono mmoja. Medali ya dhahabu. Akawa golikipa wa kwanza kumaliza fainali ya Kombe la Dunia na fainali ya Olimpiki bila kuruhusu bao. Mwishoni mwa mwaka huo akastaafu timu ya taifa, na Desemba FIFA ikamtaja golikipa bora wa dunia kwa wanawake. Miaka 36.

Sasa najua kuna msikilizaji anasema, sawa, lakini siku hizi vijana hawangoji chuo. Ni kweli. Trinity Rodman aliingia ligi ya kulipwa 2021 bila kucheza mechi ya chuo, na amefanikiwa. Hata ile drafti ya wahitimu ligi imeifuta mwaka 2024, sasa mchezaji anachagua klabu yake mwenyewe. Na mishahara imepanda. Mshahara wa chini kwa mwaka 2025 ulikuwa dola 48,500. Kutoka 6,000 hadi hapo, ni haki iliyopiganiwa na chama cha wachezaji mezani.

Lakini Rodman ni mshambuliaji. Kwa golikipa mimi nashikilia msimamo wangu. Mtazame Phallon Tullis-Joyce, aliyesoma sayansi ya bahari chuo kikuu cha Miami, akaenda Ufaransa kucheza Reims, akarudi Marekani kuchezea Seattle, akasajiliwa Manchester United, na Aprili 2025 akaichezea timu ya taifa ya Marekani kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka 28. Mtazame Mary Earps wa Uingereza, aliyetajwa na FIFA golikipa bora wa dunia miaka miwili mfululizo, 2022 na 2023. Alisoma chuo kikuu cha Loughborough huku anacheza, akahitimu. Golikipa ana muda. Miaka ya chuo haimcheleweshi, inamkuta bado anakua.

Kwa hiyo mzazi unayemwambia binti yako achague kitabu au mpira, mimi nakuomba umwache avishike vyote viwili. Ligi zimekufa mbili mbele ya macho ya hawa wanawake. Shahada haifi.

Sasa nimalizie nyumbani. Vipaji tunavyo. Wasichana wetu wa Tanzania, Serengeti Girls, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022. Timu yetu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, ilirudi kwenye fainali za Afrika zilizochezwa Morocco mwaka 2025. Majirani zetu Kenya walipeleka wasichana wao Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2024. Tuna UMISSETA kwa sekondari, tuna michezo ya vyuo. Nauliza tu: timu ngapi kati ya hizo zina mtu anayewafundisha makipa? Kipa wa pili wa timu yako, mara ya mwisho kucheza dakika 90 ni lini?

Makocha, mwalimu wa michezo, katibu wa michezo wa chuo, nawaomba mambo yaliyo ndani ya uwezo wenu. Chagueni golikipa kwa mikono yake, si kwa kuwa hakuna anayemtaka mbele. Mkimchagua, mwacheni golini msimu mzima, hata akifungwa manne. Yule wa pili mtafutieni mechi, ziwe za kirafiki, za mtaa, za kombe la diwani, zozote, ilimradi acheze. Na mnunulieni glavu zinazomtosha.